Mitego Yenye Tuliacha mu Pori

Beni, tarehe 5 mwezi wa tatu 2023

Muyomba Ézéchias,

Wavukire. Nakuandikia nikikaa chini ku mulango, Vagheni iko ku titi, karatasi iko ku goti, donc usicheke mwandiko. Mu nyumba joto inanifukuza. Kule Butembo munavaa tricot, huku Beni hata mbuzi zinatafuta kivuli saa tatu ya asubui.

Batoto beko muzuri. Audrey anaandika sasa jina yake, mais analianza nyuma. Vagheni alitoa meno mbili na alinimalizia usingizi wa mwezi muzima. Nachoka, lakini nasimama. Viazi, ile birayi yenye ulituma na Valère, shoferi wa Fuso, ilifika yote, aksanti. Ningekupigia simu, mais najua: sikio yako ya kuume ilibakia mu bunduki za zamani, na ya kushoto inasikiaka tu yenye inapenda. Tuendelee na karatasi.

Sasa jambo. Bwana yangu Siméon alikuya mwezi wa pili, akakaa siku ine. Alikuya na gunia. Mi nikazani ni nyama ya kukauka, nikaifungua. Muyomba, ni kamba za mitego, cable za frein ya kinga, za baiskeli, kumi na moya. Alizitoa mu bonde ya Vuhimba, palepale penye bawindaji benyewe mulifunga, mukasema mutu hataua kitu mule. Mu moya alikuta sokomutu, mama mwenye mutoto mu mugongo. Cable ilishaingia mu mukono yake mupaka ku mufupa. Ilikuwa ingali mozima. Siméon aliniambia ile akikaa hapa penye nakaa sasa, kisha akaenda kunawa mikono, akarudi, akanawa tena.

Nikamuuliza: "Ni za nani?"

Akasema: "Kamba haina carte ya uchaguzi."

Akaniuliza kama uko muzuri. Nikasema ndiyo. Mbele ya kulala akaniuliza tena kama uko muzuri. Alirudia ku kazi na gunia yake, na tangu pale hajakuya. Ni Jumapili ya tatu. Kwao hakuna réseau ya simu, unajua.

Pia nasikia ku soko bawindaji banataka kuacha kutoa muguu. Ni kweli? Miye sipendi kuuliza kama mutu mwenye njaa, mais bwana yangu ni garde wa pori, na tangu ba projet ba kulinda banyama bakimbie masasi, garde anakula ule muguu. Jirani yetu Mwalimu Yolande, ule wa Kasaï mwenye Serikali ilituma kufundisha huku, ananichekaka: "Mama Audrey, bwana yako analindaka banyama, na benye kuua banyama njo banamulipa? Ni kama mwizi kununulia polisi mabote." Ningemujibu, lakini sijui ginsi ya kumueleza muzuri. Weye njo mukubwa wa bawindaji. Nielezee.

Mutoto wa dada yako,
Kanyere Virginie


Butembo, tarehe 19 mwezi wa tatu 2023

Mama Audrey, mutoto wa dada yangu,

Valère alinipa barua yako mbele ya misa, nikaisoma kisha misa, juu ya kuheshimu zote mbili. Nakushukuru. Huku mvua inanyesha tangu siku ya kwanza ya juma, udongo wa mutaa wetu wa Vungi unatuvuta viatu. Muke yangu anakusalimia, anasema Vagheni umupake mafuta ya mawese ku ufizi. Mbwa yangu ya kengele ilizaa batano. Bei ya chumvi ilipanda. Mimi mugongo unaniuma kidogo, mais hiyo ni umri, si ugonjwa.

Muambie Mwalimu Yolande hivi. Zamani kwetu, mwindaji akiua, muguu wa nyuma unaenda kwa mwenye udongo, bila kuombwa. Hata mutu mwenye wivu aliutoa. Ukiula, pori inakufunga, unatembea mwezi muzima hauone hata panya. Siye tulikaa tukasema: mwenye udongo wa leo ni pori yenyewe, na pori haina kanwa ya kula, donc muguu wake bakule magarde. Munyama moya, muguu moya. Mama Tamar, mujane wa mwindaji, anaiuzisha ku soko ya Kasugho, anaandika yote mu kayé yake, na pale njo munatoka mabote ya magarde, muchele, chumvi, na ile kidogo yenye Siméon anakuleteaka. Miezi ya banyama kuzaa tunafunga pori. Cable ya chuma tuliikataza. Mbwa na nyavu tu. Vile mboloko, zile paa ndogo, zilianza kurudia hata karibu na mashamba. Kama mwindaji hatoe, nani atatoa? Mutu wa Beni mwenye kununua nyama ku soko hajue hata pori iko upande gani.

Mais ndiyo, kuko maneno. Lévi, mwindaji mwenzetu, anazungukia kwa batu na kusema: "Tunalisha mbwa yenye itatuuma." Réunion, mukutano wa bawindaji bote, ni tarehe 20 mwezi wa tano, kule Kasugho. Bakikataa pale, magarde bote sita barudie kwabo. Lévi anangoya tu kisababu.

Donc juu ya ile gunia ya Siméon. Muambie abakie nayo ikiwa imefungwa mupaka réunion ipite. Kuko kitu, ukikifungua siku mbaya, kinaharibu vingine vingi. Ya pori ibakie mu pori. Weye ni mutoto mwenye akili, utajua ginsi ya kumuambia, kipole.

Nakutumia bidoni ya mawese kwa mukono wa Valère. Litre tano. Ni ya batoto.

Muyomba yako,
Ézéchias


Beni, tarehe 2 mwezi wa ine 2023

Muyomba,

Nakusalimia wewe na mama, muke yako. Furaha juu ya mbwa batano. Huku cacao inakauka mu barabara, moto, zile pikipiki, zinapita juu yake, benyewe banatukana, moto hazisikie. Vagheni alikuwa na homa siku mbili, ilipita. Siméon alipita hapa siku moya tu, alileta chumvi na muchele, akaenda. Sikumuambia kitu yenye ulinituma.

Nakurudishia bidoni ya mawese. Sikuifungua. Usikasirike, soma kwanza yote.

Mu barua yangu sikukuuliza kitu juu ya gunia. Nilikuambia tu iko. Weye njo ulitaka ibakie imefungwa.

Muyomba, ile fundo ya zile cable naijua. Weye unatumikaka na mukono ya kushoto, na fundo yako inazunguka upande wenye ya batu bengine hapana. Wakati nilikuwa mutoto ulikuwa unatufungia mbuzi, na kama hauko karibu mama alikuwa anakata kamba na kisu, anasema, "Ndugu yangu alifunga tena ya shetani." Nilifungua gunia, nikaona fundo kumi na moya zinaangalia kushoto. Nafikiri Siméon aliijua mbele yangu. Ni weye ulimufundisha pori mwaka wenye mulinioza. Njo mana aliniuliza mara mbili kama uko muzuri. Nilijibu ndiyo kama muyinga.

Sikukuandikia hii mu barua ya kwanza juu nilikuwa nangoya uniambie weye mwenyewe. Haukuniambia. Ulinitumia mafuta.

Siombi kitu ngumu sana. Naomba ku réunion usimame, useme ni zako. Mbele ya mutu mwengine hajasema. Usimupe bwana yangu kazi ya kuchagua kati yako na pori. Anakupenda. Ananyamaza juu anakupenda, na inamula. Alikuwa mutu wa kucheka, sasa anakula fufu kama mutu anafanya hesabu.

Najua yenye inaweza kutokea. Kama bakikataa muguu, ni batoto bangu batakosa, si ba Lévi. Niliwaza ile kila siku nikipepeta muchele. Niliwaza na nikaandika tu.

Nakupenda. Usijibu mbio. Mais ujibu.

Kanyere


Beni, tarehe 30 mwezi wa ine 2023

Muyomba,

Salamu. Ni juma ine, na hakuna kitu. Kwanza nilisema ni barabara, juu ilifungwa siku kumi na shoferi bote balikaa. Mais Valère alipita jana. Nikamuuliza: "Barua yangu ulimupa nani?" Akasema: "Nilimupa muzee mu mukono. Aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mu kofia, akavaa kofia, akaniuliza bei ya pneu ya Fuso."

Donc uliisoma.

Kama umekasirika, andika "nimekasirika", neno moya inatosha, nitaijua mwandiko. Kama unagonjwa, mama aandike. Audrey anauliza juu ya batoto ba mbwa. Vagheni anaketi yeye mwenyewe sasa, anaanguka upande, anacheka.

Barua yangu haikukuwa ya kukutupa. Nilirudisha mafuta, sikurudisha muyomba.

K.


Butembo, tarehe 7 mwezi wa tano 2023

Mutoto wangu,

Sikukasirika. Nilikuwa na haya, na haya ya muzee inafanana na hasira, hata muke yangu ilimuchanganya. Alinipikia maharagi juma mbili bila kunisemesha, alizani ni yeye.

Nakuandikia yote, usomee peke yako.

Mwaka wa 2021, mwezi wa kenda, tulikaa mu comité tukaandika sheria ya kukataza cable. Mwandiko ni wangu, karatasi iko ingali kwa Tamar. Na ile siku nikiandika, nilikuwa na cable makumi ine mu Vuhimba. Nilijiambia: hizi ni za mwisho, juma hii nitazitoa. Masomo ya batoto ilikuwa inaniminya. Kisha siku ya tatu masasi ikalia. Unajua ginsi tulitoka. Mi nilibeba godoro na ndugu ya muke yangu mwenye hawezi kutembea. Kamba makumi ine hazikuniingia mu kichwa mupaka nilifika Butembo, nikanywa chai, nikaketi. Pale njo nilizikumbuka. Kikombe ilinianguka.

Miezi kumi hatukuweza kurudia. Wakati tulirudia, majani ilishafunika njia zangu, na balikuwa banataka kuchagua sehemu ya kufunga kabisa, yenye hakuna mwindaji ataingia. Kanyere, ni miye nilisimama nikasema: "Tufunge Vuhimba." Bakanipigia mikono. Ba projet benye bangali kupita balinipiga foto. Banyama bakaingia mule kama mu nyumba ya mama yabo. Lakini mimi nilifunga Vuhimba juu mutu asiingie akaona fundo zangu. Hakuna kitu kingine. Nilisema nitaenda kuzitoa polepole peke yangu. Mugongo haukukubali, kisha woga haukukubali, kisha nikazoea. Mutu anazoea mubaya kuliko unavyozani. Ile sokomutu yenye Siméon alikuta, ni miye niliikata mukono.

Sasa weye uniambie. Nikisema tarehe 20, Lévi atasimama: "Mwenye alituandikia sheria ni mwizi wa kwanza, muguu umekwisha." Batu batamufuata, na hatakuwa na kosa. Magarde barudie kwabo. Siméon atakuya Beni kubeba magunia ya cacao ya batu. Na nani atabakia kulinda Vuhimba? Hakuna. Bengine bataingia na bunduki za vita na kumaliza yote. Nikinyamaza, muguu unaendelea, pori inabakia, na mimi peke yangu naoza ndani. Nilisoma catéchisme, nilifundisha batoto makumi na makumi, na hii siwezi kujibu. Uongo yenye inalisha magarde, ao kweli yenye inabafukuza?

Valère anarudi siku ya kwanza. Jibu na yeye.

Ézéchias


Beni, tarehe 14 mwezi wa tano 2023

Muyomba,

Nilikuya kusoma barua yako ku choo, juu pale tu njo batoto banakubali nifunge mulango. Nililia kidogo. Kisha Audrey akapiga mulango.

Mimi sikusoma catéchisme kama weye. Nilimaliza primaire na miaka mbili ya couture, ya kushona. Sitaki kukujibu juu ya uongo na kweli. Nakuuliza hesabu moya tu. Ulitega makumi ine. Siméon alitoa kumi na moya. Makumi mbili na kenda ziko wapi?

Ni weye peke yako unajua. Siméon hajue, Lévi hajue, Serikali haijue. Ungali kufikiri kama ni jambo ya 2021. Hapana, Muyomba. Ni jambo ya leo asubui. Weye unaandika barua, mi naandika barua, na zile kamba zinatumika bila kulala, hazijue kama mwenyewe aliacha. Na bwana yangu anatembea mule na mabote ya kupasuka.

Kama bakikataa muguu na Siméon akirudia kubeba cacao, atabeba. Alinioa mbele hajakuwa garde. Sitakufa. Lakini siwezi kupikia batoto chumvi yenye inatoka mu kunyamaza kwako, na yeye hawezi, njo mana anakula vile.

Nenda. Simama. Kama hauwezi kusema mingi, sema tu namba na mahali.

Naomba Mungu Nyamuhanga akusindikize ku njia. Uvae ile tricot ya kijani, Kasugho kuko baridi, na usisahau dawa ya mugongo.

Kanyere


Butembo, tarehe 4 mwezi wa sita 2023

Mutoto wangu Kanyere,

Wasingya, aksanti sana. Niko mozima. Nilirudia hapa jana na miguu ya kuvimba, muke yangu ananitia mu maji ya chumvi nikiandika.

Tulikaa mu chumba ya masomo, bawindaji makumi tatu na moya ku mabanc ya batoto, magoti ku masikio. Magarde bote sita ku ukuta. Siméon alikuwa na gunia kati ya miguu yake. Tulipeana salamu, hakunitazama. Mama Tamar mbele, na kayé.

Lévi hakungoya hata sala. "Mukubwa, mbele hujatubariki, utuambie: muguu ni mupaka lini? Juu miye batoto bangu pia beko na kanwa."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, maneno yote ilinikimbia, nikabakia na yako. Nikasema: "Niko na cable makumi ine mu Vuhimba. Kumi na moya ziko mu gunia ya Siméon. Zingine makumi mbili na kenda, nitabaonyesha mahali."

 Bote bakageukia gunia.

Lévi akasema: "Rudia, muzee. Leo ni siye tuko na masikio ya bunduki."

Nikarudia.

"Ulizitega na mukono gani?"

"Ya kushoto."

Kuko mutu alicheka nyuma, akakohoa kuficha. Lévi hakucheka. "Donc ulitufungia bonde juu ya kuficha kamba zako?"

"Ndiyo. Juu ya ile tu."

Nikangoya ateme mate. Nikangoya aseme neno yake, ile ya mbwa ya kuuma. Mais alikuwa anaangalia kofia yake, anaizungusha, anaizungusha. Kisha akasema, na sauti yenye sikuzani iko nayo: "Zangu ziko kumi na saba. Ngambo ya mto. Ile siku ya masasi nilibeba mutoto na nyungu moya. Kamba nilizikumbuka nyuma. Kisha nikaona haya kusema, na kisha haya ikageuka kelele. Njo mana napigaka kelele ku réunion zote, juu mutu asiniulize."

Mutu wa pili, Kasonia, mwenye hasemaka hata wakati nyumba inaungua, akainua kidole: "Makumi mbili na tano." Kisha mwengine. Tulikimbia juma moya sisi bote, Kanyere. Nani alikimbia na mitego yake mu mukono? Na mi nilikaa miaka mbili nikizani ni miye peke yangu. Mama Tamar alikuwa anaandika upande wenye anaandikaka miguu, na kila mutu akinyamaza anasema: "Mwengine? Bic ingali na wino." Batu kenda. Kamba mia mbili na kumi na mbili.

Siméon akakuya mbele, akamwanga gunia yake chini. Akasema: "Hizi kumi na moya mupunguze." Neno yake ilikuwa ile tu.

Muguu unaendelea. Hakuna mwenye alikataa, nani angekataa pale? Siye kenda, msimu huu tutatoa miguu mbili kwa munyama moya mahali pa moya, mabote ya magarde inunuliwe mbele ya kitu yote. Na mbele pori haijafunguliwa mu mwezi wa saba, kila mutu ataenda na garde moya kutoa zake. Ukubwa balininyanganya. Balitafuta ku comité mutu mwenye hakuacha mutego, bakakuta ni Tamar peke yake. Sasa bawindaji makumi tatu na moya banaongozwa na mama mwenye hajawahi kuua hata kuku yeye mwenyewe. Lévi anasema ni muzuri, atatuuzishia bei ya juu.

Miye nilienda na Siméon. Siku ine. Alikata majani, mi nilionyesha miti. Nilizani nilisahau, mais mikono haikusahau, kila mahali ilienda yenyewe. Mingi ilikuwa na kutu, tupu. Tano zilikuwa na mifupa. Sikuambie ni mifupa gani. Siku ya pili tuliona ile sokomutu juu ya muti, mukono moya, mutoto mu mugongo. Alituangalia, akaendelea kula. Nilikaa chini, Siméon akanipa maji.

Nikamuuliza: "Mbona ulinyamaza miezi yote?"

Akasema: "Nilikuwa nakungoya, Muyomba. Ku réunion nilikuya na gunia. Kama hungesema, ningesema."

Angesema. Uolewe na mutu kama ule, mutoto wangu, hata mara ya pili.

Tulitoa makumi mbili na saba. Mbili hatukuzipata, muti mukubwa ulianguka pale karibu na chemchemi. Nitarudia na shoka.

Juu ya ubatizo wa Vagheni tarehe 9 mwezi wa saba, sijui kama nikuye. Sema weye. Sema kweli kama una haya na muyomba yako mbele ya batu.

Ézéchias


Beni, tarehe 11 mwezi wa sita 2023

Muyomba yangu,

Wavukire, na mama avukire, na mbwa zote. Barua yako niliisoma mara tatu: mara moya peke yangu, mara moya kwa Siméon juu alitaka kujua kama ulimuandika muzuri, na mara moya kwa Audrey, nikaruka mifupa.

Siméon alifika siku ya ine, akipanda moto ya Butembo, mavumbi mupaka mu meno. Nikamuwekea maji ya kuoga. Alipotoka nikamuambia: "Ile fundo nilishaijua tangu mwezi wa pili." Akaniangalia. Akasema: "Na miye nilizani nakuficha." Tulikaa miezi ine mu nyumba moya na mu barua, kila mutu anabeba kitu ileile, anazani mwengine hana mikono. Akaanza kucheka. Alicheka mupaka Vagheni alianza kulia, kisha Vagheni naye akacheka. Siku ya pili alilala tangu asubui mupaka saa nane, batoto banamuruka kama muti wa kuanguka. Nikalala pembeni yake, na hakuna mutu aliniita. Sijui ni nani alilisha batoto. Nilikuta sahani zimeoshwa.

Alikula fufu na kuomba ingine.

Mwalimu Yolande nilimueleza yote ku mulango, na sasa nilijua ginsi ya kueleza. Alifikiri kidogo, akasema: "Bon. Mwizi ananunulia polisi mabote, kisha anamuonyesha penye aliiba. Kwetu hatujafika pale." Nikamuambia atuombee tusirudie nyuma. Si yote imekwisha, najua. Kelele za masasi zingali huku na kule, na Lévi msimu ukiwa mubaya atapiga tena kelele. Mais leo niko na mwili mwepesi.

Uliniuliza kama nina haya na weye. Nilikuwa nayo mwezi wa ine, sitakudanganya. Nikiona mutu anafunga mbuzi ku soko, nilikuwa nageuza macho. Ilipita. Ilipita siku yenye ulisema ile namba na mahali. Ku ubatizo utakaa mbele, pembeni ya Siméon, na mutu akiuliza weye ni nani, nitasema ni ndugu ya mama yangu.

Mais usikuye na shoka mu kichwa. Zile mbili za karibu na chemchemi, banyama banakunywa pale kila siku. Maliza zile kwanza. Kama tarehe 9 ikifika haujazipata, nitaongea na padiri, atatupa Jumapili ingine. Vagheni anaweza kungoya mbele ya maji. Banyama hapana.

Mutoto wa dada yako,
Kanyere